Picha ya Pasi ya Mama

Asubuhi ya Jumatatu, katika studio yake, mpigapicha alitandika kitambaa cheusi mezani, akaweka juu yake pasi ya mkaa ya marehemu mama yake. Vyombo vingine alikwisha kuvipiga picha: mwiko, ndoo, mkasi, kitana. Alikuwa amewaomba majirani walete kitu ambacho mama zao walikiweka chini siku ile wanawake walipokwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza. Kila picha iliposafishwa, kando ya chombo kilitokea kidole cha mama mwenye chombo, kimepakwa wino.

"Ni mama huyu," alisema fundi cherehani, akiitazama picha ya mkasi. "Ukucha wake ule ule uliopasuka. Itundike juu kidogo, watoto wasije wakaishikashika."

Picha ya pasi haikutoa kidole. Ilitoka ikiwa ya moto. Mpigapicha alidhani amekosea dawa, akapiga nyingine. Nayo ikaunguza kamba aliyoianikia. Akavaa glavu, akaipeleka kuitundika katika ukumbi wa maktaba pamoja na zile nyingine.

Baba yake, aliyealikwa kuyafungua maonyesho, alifika mapema na shangazi. Miaka yote mzee alisimulia jinsi alivyomsindikiza mkewe kituoni kupiga kura siku ile.

"Baba, mbona ya mama haina kidole?"

"Kamera yako mbovu."

"Kaka," alisema shangazi, "siku ile ulivaa shati gani?"

"Jeupe. Limenyooka."

"Nani alilinyoosha?"

"Wewe nawe! Si mke wangu?"

"Na mashati yale yaliyobaki kikapuni?"

Mzee alivua kofia, akaikagua ndani. "Nilimwambia ayamalizie, nitarudi kumchukua."

"Ukarudi?"

"Foleni ilikuwa ndefu."

Picha ilitoa harufu ya mkaa. Wageni walikuwa wameanza kuingia. Mzee akamnong'oneza binti yake aandike chini ya pasi maneno yale yale yaliyo chini ya picha nyingine: kwamba mwenye chombo hiki alipiga kura.

"Usinivue nguo mbele za watu, mwanangu."

Mpigapicha aliinamisha uso, akaandika. Mzee akahutubia, akapigiwa makofi. Shangazi hakupiga.

Maonyesho yalipokwisha, picha ilihamia sebuleni kwa mpigapicha. Haikupoa. Asubuhi ya uchaguzi uliofuata, alikuwa mlangoni, kadi ya kupigia kura mkononi, baba yake alipofika na furushi la mashati, lake na ya wanawe wa kiume.

"Nipitishie langu kwenye picha ya mama yako. Nitakwendaje kituoni nimekunjamana kama niliyelala shambani?"

Lilinyooka vizuri, kola na mikono. Mzee alilivaa likiwa bado na joto.

"Hayo mengine malizia, mwanangu. Nitarudi kukuchukua."

"Haya, baba."

Mpigapicha aliiweka kadi chini, akachukua shati la pili.