Tumbo Langu na Washindani Wangu

Serikali iliporuhusu watu binafsi kununua pamba, mimi Mahona nilifungua kituo Bariadi mjini. Nikapata mizani, kibanda cha mabati na maradhi ya tumbo. Hayo maradhi ndiyo yaliyonipa heshima.

Kila nikila nyama yenye mafuta na kushushia bia, tumbo hukaza chini ya kifua, maumivu yakatokea mgongoni. Mke wangu, Apolonia, alisema niache mafuta.

"Mtu mdogo halogwi," nilimjibu. "Hawa ni washindani."

Nikawa nawasimulia wakulima pale kwenye mizani, nimeshika tumbo kama mtu anayeonyesha cheo. Niliyemshuku ni Method, mnunuzi wa ng'ambo ya barabara. Alikuwa akinisalimu kila asubuhi, "Mwangaluka!" nami nikaona hata salamu yake ina dawa.

Msimu mmoja nilianguka juu ya marobota ya pamba. Mwenye gari karibu alikuwa Method. Akanipakia nyuma ya pikapu yake, safari ya Mwanza.

"Method, ondoa dawa yako! Nimekoma!" nililia kila tulipopita shimo.

"Dawa gani? Shika kamba, barabara mbaya!"

Hospitalini walinitoa damu. Daktari Wilhelmina akaniletea kichupa cha damu niione: juu nyeupe kama maziwa, chini nyekundu.

"Hii ni yako," alisema. "Mafuta ya chakula husafiri kwenye damu yamefungwa pamoja na protini. Mwili wako hauwezi kuyavunja, yanabaki humo na kuunguza kongosho. Ni ya kurithi. Nani mwingine kwenu anaumwa hivi?"

"Dada yangu Kabula, wa Lingeka. Lakini yeye huwa anadeka tu."

Kabula aliitwa, akapimwa. Damu yake ikawa maziwa vilevile. Akaketi kando ya kitanda changu.

"Kaka, mimi nina kuku na mume anayekoroma. Method alinilogea nini?"

Method, aliyekuwa amekuja kunijulia hali, alicheka hadi akashika ukuta. Nilitaka kununa, lakini hata kununa kuliniuma. Cheo changu chote kikaishia hapo: sikuwa nimelogwa, nilikuwa nimekula.

Kisha Kabula akanigeukia. "Na Mwandu?" aliuliza.

Mwandu alikuwa mdogo wetu. Alikufa angali mtoto, ameshika tumbo. Kijiji kilimsingizia uchawi bibi mmoja, jirani yetu Klementina, akafukuzwa, akahamia Migato. Daktari alisema hawezi kuapa kwa mtu ambaye hakumpima, ila maradhi yetu huua hivyo.

Nilipopata nguvu, mimi na Kabula tulikwenda Migato. Bibi Klementina alikuwa akipukuchua mahindi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba. Nikaanza na protini, nikapotea kwenye kongosho, hadi Kabula akanikatiza.

"Bibi, tulikuonea. Ilikuwa damu yetu."

Aliendelea kupukuchua. Gunzi likaisha, akachukua jingine.

"Mama yenu alijua?"

"Alikufa bila kujua," nilisema.

Alitutazama sana. Nikasubiri atufukuze, nilimwona ana haki.

"Sasa mnakula nini, ikiwa mafuta hayafai?"

"Ugali," nilisema. "Na mboga za kuchemsha."

Akakung'uta gauni, akaingia jikoni. Tulimsikia akisogeza sufuria. Kabula alinyanyuka kumsaidia. Mimi nikavuta kapu nikaendelea na mahindi, vibaya, punje zikirukia kila upande.