Mstari Mweupe Ukutani

“Umefungulia maji haraka mno, Hilary! Nimekwambia mara ngapi?”

“Na wewe uliiacha boti irudi nyuma huku unapiga soga! Mstari mweupe huo hapo ukutani. Umeuona au hujauona?”

Clive alikuwa amesimama mkiani mwa boti, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine na kikombe cha chai. Kikombe hichohicho ndicho alichokuwa akimpungia mzee mmoja aliyekuja kutazama maboti. Maji yalikuwa yakishuka kwenye chumba cha mawe cha mfereji, katikati ya malango mawili, ambamo boti hushushwa toka maji ya juu hadi ya chini, nasi tukishuka nayo, naye akaiacha boti irudi mpaka mkia ukapita mstari mweupe na kukalia kizingiti cha mawe kilichojitokeza chini ya lango la nyuma. Upande wa mbele ukaendelea kwenda chini. Nikasikia sahani zikiporomoka jikoni. Dakika moja zaidi, nyumba yetu ingezama, naye akiwa juu yake.

Mimi ndiye niliyefunga maji ya lango la mbele. Nikakimbia hadi la nyuma, nikachomeka mkono wa chuma wa kufungulia maji, nikazungusha maji mapya yaingie, bega langu bovu likiwaka moto. Boti ikanyanyuka hadi usawa wa ukingo. Hata asante sikuambiwa.

Mwanamke mmoja alipanda kutoka kwenye boti iliyokuwa ikisubiri chini, mkono wake wa chuma kiunoni, aje kutusaidia kusukuma malango kama tunavyosaidiana wote huku mferejini.

“Msamehe mke wangu,” Clive akamwambia akicheka. “Ana haraka kama anakimbiza basi.”

“Kaka, mimi nilikuwa naangalia,” yule mama akasema. “Mkia ni wa aliyeshika usukani.”

Clive akanywa chai.

“Leo vimebaki vyumba kumi na vitano kama hiki,” akaniambia. “Tuendelee, na safari hii uwe makini.”

Kumi na vitano! Tangu tustaafu, tuuze nyumba na kuhamia botini, miaka minne sasa, mimi ndiye ninayesukuma na kuzungusha, yeye ndiye anayesimama. Niliendesha basi la shule miaka ishirini na miwili bila kukwaruza hata kioo. Lakini usukani wa boti sipewi, kwa sababu wiki ya kwanza niligusa daraja. Yeye ameshagonga saba. Hayo yote, eti, ni upepo.

Nikapanda botini, nikamwekea ule mkono wa chuma kifuani.

“Shuka.”

“Hilary, usilete vituko mbele ya watu.”

“Bega langu halizungushi tena. Shuka ufungue malango, au nachukua mkoba wangu sasa hivi niende stesheni. Iko nyuma ya kanisa lile. Kikombe kiache hapo.”

“Utatuzamisha!”

“Aliyetaka kutuzamisha namwona mbele yangu.”

Alimtazama yule mama, labda akitafuta mtu wa kumtetea. Yule mama alikuwa ameshaegemeza mgongo kwenye gogo la kusukumia lango, anamsubiri.

Akashuka.

Nikashika usukani, nikasogeza boti mbele taratibu mpaka mstari mweupe ukabaki hatua tatu nyuma yangu, nikaituliza hapo. Chai yake nikaimwaga majini.

“Haya, Clive,” nikasema. “Zungusha. Polepole.”

Akazungusha.