Uso Ubaki Nyumbani

Kisogo cha mume wangu nilikiona kabla ya uso wake. Alikuja kijijini kwetu, ng'ambo ya Ruvuma, na timu ya vijana wa upande wa Tanzania, na wote waliingia uwanjani kinyumenyume. Sisi wasichana tulicheka mpaka tukashika mbavu. Golikipa wao alijikwaa kwenye kamba ya goli, akaanguka chali karibu na miguu yangu. Akanitazama kutoka kule chini, akasema, "Dada, usicheke. Haya ni mambo ya ufundi."

Huyo ndiye Idrisa.

Mganga wa timu yao alikuwa amewapa sharti la uwanjani na la mtoni pia. Anayevuka mto kwenda kucheza aingie majini akitanguliza kisogo, uso ubaki umeelekea nyumbani, mpaka maji yamfike magotini. Hapo ndipo apande mtumbwi. Akifanya hivyo, mto hautamzuia kurudi. Niliona ni upuuzi, nikamwambia hivyo usoni. Siku ananivusha niwe mke wake alitaka na mimi niingie vile vile, nikakataa katakata, nikaingia nikiangalia ninakokwenda. Sijarudi kukaa kwetu tangu siku ile.

Tulihamia mjini, mtaa wa Ufukoni. Akadakia timu ya mji misimu mingi, na jina lake likasikika redioni. Kidole chake cha pete kilivunjika mechi moja Songea, kikapona kimepinda, na pete ya ndoa haikuingia tena, nikawa naivaa mimi. Nami nilicheza netiboli, senta, timu ya wabanguaji wa korosho. Kusema kweli nilikuwa bora kuliko yeye, ila netiboli haitangazwi. Binti yetu wa kwanza, Asia, alizaliwa siku ya mechi. Baba yake alikuja wodini na bukta yenye tope, manesi wakamfukuza. Wakafuata wawili wengine. Tumegombana miaka arobaini na tumepatana miaka arobaini. Nampenda mtu yule, na sioni haya kusema.

Mwaka jana akili yake ilianza kumtoka. Aliuliza soksi zake za mpira ziko wapi. Akamwita Asia kwa jina la marehemu mama yake mzazi. Halafu siku moja tulipompeleka hospitali, aliingia chumba cha daktari kinyumenyume. Daktari alicheka, Asia akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu naujua mwendo ule ni wa kwenda wapi.

"Kuna mechi?" nilimuuliza tulipotoka.

"Ng'ambo," alisema. "Mitumbwi inasubiri."

Nikamwambia mechi imeahirishwa, refa anaumwa. Alikubali. Basi ikawa kila asubuhi anauliza, na kila asubuhi refa anaumwa. "Refa gani huyu asiyepona," alikuwa akinung'unika, kisha anakunywa chai yake.

Msimu wa korosho ukafika. Shamba letu liko karibu na mlango wa Ruvuma, mikorosho inashuka mpaka kwenye mchanga wa mto. Asia alinisihi.

"Mama, baba usimpeleke kule. Mto uko mlangoni."

"Nikimwacha huku, nani atamdanganya habari za refa?" nilimjibu. Ukali ulikuwa wa kuficha woga. Nikaenda naye.

Shamba linatunzwa na mdogo wangu Dercio, aliyenifuata upande huu zamani. Nilimwonya kabla sijashusha hata mzigo kwamba mpira usitajwe. Lakini yeye na Idrisa ni mashemeji, na mashemeji hao hawajawahi kusalimiana bila kutaniana. Siku ya pili tunakula ugali wa muhogo, Dercio akajisahau.

"Shemeji, kesho ng'ambo tunakupiga tatu. Mikono yako imeshalegea."

Idrisa aliacha kula. Uso wake ulichangamka, nikamwona kijana yule aliyeanguka chali.

"Kumbe refa amepona," alisema.

Nilimfinya Dercio, nikasema refa bado yuko kitandani. Idrisa hakunisikia. Alinawa mikono taratibu, kidole baada ya kidole. Nilipofunga mlango usiku ule, nililala na ufunguo kifuani.

Asubuhi yake alikuwa mtulivu mno. Hakuuliza habari za refa. Aliniita Nilza, siyo Mama Asia, na jambo hilo lilinitisha kuliko mengine yote. Nikamweka kivulini, nikaanza kuokota korosho pale pale karibu. Kazi ile inataka uiname, macho yawe kwenye majani, na usogee kidogo kidogo. Nilikuwa namsemesha bila kugeuka, naye ananijibu.

"Maji yamekupwa?" aliuliza.

"Yamekupwa," nilisema.

Baadaye nikamuuliza kama ana njaa. Nilipogeuka, kandambili zake zilikuwa kivulini, yeye hayupo.

Nikapiga kelele. Dercio akaja mbio na waokotaji wengine, tukashuka mtoni. Mchanga ulioachwa na maji ulikuwa bado mbichi, na nyayo zilionekana wazi, vidole vimeelekea shambani, visigino vimeelekea mtoni. Dercio alipiga magoti, akacheka kwa kufarijika.

"Dada, ametoka majini. Ameingilia kule juu akatokea hapa. Yuko kwenye mikorosho, anatuzunguka tu."

Wote wakapanda shambani wakimwita. Mmoja akampigia Asia simu, nikasikia mwanangu anamshukuru Mungu na huku analia.

Mimi nilibaki. Nilizifuata nyayo kuelekea majini, nikitafuta hata moja inayotazama ng'ambo. Haikuwepo. Visigino vilizama kuliko vidole, kama vya mtu anayejihadhari asijikwae. Nyayo za mwisho zilikuwa zimeshaanza kufunikwa, maana maji yalikuwa yanajaa. Pale kwenye kina cha magoti, mahali mitumbwi ilipokuwa ikisubiri, hapakuwa na kitu. Mitumbwi iliacha kuja zamani, tangu ng'ambo kulipoharibika kwa vita.

Nilimwita Dercio awarudishe watu. Nikaita tena. Walikuwa mbali, wanacheka huko mikoroshoni.

Basi nikaweka miguu yangu juu ya nyayo zake, vidole juu ya vidole, nikatazama alikokuwa anatazama. Nikakiona kibanda chetu, nikakiona kivuli chenye kandambili, na kando yake mahali nilipokuwa nimeinama. Alikwenda ananiangalia mimi, njia nzima, na mimi nilikuwa nimempa mgongo.