Visubi Kwenye Bawa

Mbugua alikuwa anacheka mno asubuhi hiyo. Fundi aliyetoka kukagua ndege kweli hacheki, analalamika mgongo.

"Umeiangalia?" nikamuuliza.

"Nimesaini, omera. Kunywa chai."

Sikumuuliza kama amesaini. Nimefukuzwa kazi mara mbili kwa sababu ya mdomo, na nilichoambulia ni hiki: anayejibu swali ambalo hukuuliza amekalia kitu.

Jana yake Mzee Khaemba alikuwa amebadilisha nyaya za ile ndege ndogo, zile zinazotoka kwenye usukani hadi kwenye vibao vya nyuma ya mabawa, vinavyoilaza ndege kushoto au kulia. Nyaya hizo zikiguswa, lazima fundi wa pili, ambaye hakushika kazi, azungushe usukani, atazame vibao kwa macho yake, ndipo atie sahihi. Fundi wa pili alikuwa Mbugua.

Taabu ni kwamba Mzee ndiye aliyetufunza sote kushika spana. Kumkagua ni kama kunusa chakula cha mama mkwe mbele yake.

Nikaizunguka ndege nikijifanya natafuta kitambaa. Usiku visubi vya ziwa vilikuwa vimefuata taa za karakana, na nilipofungua mlango alfajiri nilivikuta vimekufa kila mahali kama majani ya chai yaliyomwagika. Kwenye ufa kati ya bawa na kibao vilikuwa vimejaa, vimetulia, hakuna hata kimoja kilichosumbuliwa.

"Mbugua, ulizungusha usukani lini?"

"Leo asubuhi tu."

"Basi visubi hivi vimeokoka. Vilimwagika, vikafufuka, vikarudi kulala palepale."

Hakucheka tena.

Nje, Kapteni Winny alikuwa anapakia mizigo ya madaktari wa kwenda Lodwar. Rubani naye huujaribu usukani kabla ya kuruka, lakini akiwa na haraka huangalia kama vibao vinasogea, si vinaelekea wapi.

"Tuzungushe sasa," nikasema.

"Wacha, Calvince," Mbugua akanong'ona. "Tangu Mzee atolewe mtoto wa jicho, watu wanamchungulia kama mwizi. Na sisi pia tumshuku?"

"Mimi hushuku kila mtu. Mamangu akisema ametia sukari, naonja."

"Nani anashukiwa?"

Mzee Khaemba alikuwa mlangoni, kofia mkononi. Mbugua akageukia ukuta.

"Ni wewe, Mzee," nikasema, nikiviambia viatu vyake.

Alinitazama mpaka nikakumbuka kila spana yake niliyowahi kupoteza. Kisha akapanda kwenye kiti cha rubani.

"Kata kushoto," nikamwambia mwalimu wangu.

Akakata. Visubi vikamwagika. Kibao cha kushoto, kinachopaswa kupanda, kikashuka.

"Kimeenda wapi?"

"Chini, Mzee."

"Uongo."

Akakata tena. Kikashuka tena. Alikuwa amezipishanisha nyaya. Winny angeikata ndege kushoto juu ya ziwa, nayo ingelala kulia.

Mzee aliteremka polepole, akasimama mbele ya Mbugua.

"Wewe uliona nini?"

"Sikuangalia, Mzee. Ilikuwa kazi ya mkono wako. Nilikuheshimu."

"Uliniheshimu." Akamwonyesha Winny kwa kofia. "Haya, nenda ukamweleze yule mtoto wa watu jinsi ulivyoniheshimu."

Mbugua akaenda. Hatukusikia alichosema, ila tulimwona Winny akiliweka begi chini, akishika nguzo ya bawa, akibaki hivyo.

Mzee akafungua sanduku la spana.

"Nazirudisha mwenyewe. Wewe simama nyuma yangu. Karibu."

Nikasogea mpaka nikasikia pumzi yake. Kila alipofika mahali pa kufunga alingoja niseme nimeona. Nikawa nasema. Pale kwenye kiungo cha mwisho nilisema upesi kidogo, na mkono wake ukasimama.

"Umeona," akauliza bila kugeuka, "ama unaniheshimu?"

Nikawasha tochi, nikainama.