Majike Sita wa Tangi la Nyuma

Kila asubuhi mama mkwe alifanya ukaguzi wa aina mbili. Kwanza aliwatoa majini kambare majike sita, mmoja mmoja, akiwabonyeza matumbo kuona kama mayai yameiva. Kisha alimgeukia mke wa mwanawe, fundi wa kutotolesha vifaranga vya samaki hapo kituoni, akamkazia macho tumboni. "Na hapa vipi?"

Miaka mitatu ya ndoa, swali lile lile. Fundi alijibu kwa adabu mpaka adabu ikamwisha.

Msimu ule majike waligoma kabisa kuivisha mayai. Mama mkwe alilaumu maji, akalaumu chakula, mwisho akasema mkono wa fundi una mkosi. Hapo ndipo fundi alipotia kufuli mlango wa matangi na ufunguo akauficha kifuani.

"Siku kumi na nne," akasema. "Haguswi samaki hata mmoja."

"Kwenye kituo changu?"

Fundi hakuzunguka mbuyu. Samaki akishikwashikwa, mwili wake humwaga homoni ya taharuki. Ikizidi, hufika mpaka kwenye ovari, na seli zinazolea mayai zinakuwa kama mtu aliyezibwa masikio: ubongo unaagiza, zenyewe hazisikii. Yai linabaki changa.

"Diploma yako haitagi," mama mkwe akamkata.

"Haitagi, mama. Na vidole vyako havitagishi."

Mama mkwe alimwita mwanawe aje achukue ufunguo. Mwana alisikiliza pande zote mbili, akasema yeye ni dereva, ya samaki hayajui, akaenda zake kula.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayekuzuia kuzaa?" mama mkwe akamgeukia fundi.

"Ya kwangu hata daktari hajayajua, sikubambikii. Ila hilo swali lako la kila asubuhi sitalijibu tena."

Siku zote hizo fundi aliingia peke yake, akabadilisha maji, akatoka. Siku ya kumi na tano akafungua. Wanne kati ya sita walikuwa tayari. Kesho yake, baada ya sindano ya kuwatagisha, mayai yalimiminika kwenye beseni kama uwele. Mama mkwe aliyatazama muda mrefu. Kisha macho yakaanza kupanda, taratibu, kuelekea tumbo la mkwewe.

"Usiulize, mama."

"Sijauliza."

"Ulikuwa njiani."

Fundi akamnyooshea unyoya wa kukorogea mayai yachanganyike na mbegu za dume. Mama mkwe akasita, akaupokea, akainama juu ya beseni na kukoroga.