Sufuria Hazitoki

"Sufuria hazitoki," alisema Jawaher kwa mara ya tatu, na mara hii aliegemeza mgongo kwenye mlango wa banda, kofuli ikawa nyuma ya kiuno chake. "Unazitaka, nitoe mimi kwanza."

"Ondoka hapo. Kuna maiti anasubiri kuoshwa," nikamwambia.

"Maiti Mungu amrehemu, sina neno naye. Neno langu ni na walio hai. Si wana mradi wao? Basi mradi uwapikie."

Wanawake waliojaa uani kwangu wakacheka. Walikuwa kama thelathini, na hakuna hata mmoja aliyevaa nguo za kupikia. Hilo nililiona kabla sijasikia neno. Walikuja na mabuibui ya kutokea na vipochi mkononi, kama watu wanaopita njia. Anayekwenda kupika msibani huja na kanga kuukuu na kisu chake.

Mzee Rajab alifariki alfajiri nyumbani kwa mwanawe, Bakar. Mke wa Bakar ni Suhaila, na Suhaila ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Jamaa wa marehemu walikuwa njiani kutoka Kisiwa Panza, watu wasiopungua mia, na maziko yalikuwa baada ya sala ya adhuhuri. Watu mia hawalishwi kwa sufuria za nyumbani. Hulishwa kwa sufuria za mtaa. Sufuria za mtaa zinakaa bandani kwangu, na ufunguo nilikuwa nao mimi, nimeufunga kwenye pindo la kanga.

"Saa mbili hii," nikasema. "Mchele haujachaguliwa. Mkiwa na la kunambia, mtanambia kesho."

"Kesho utakuwa semina," alisema Jawaher. "Semina wewe ulikula biriani, sisi tukala maswali."

Wakacheka tena. Kweli, neno lile lilinipata.

Nina stashahada ya maendeleo ya jamii. Nilikaa bweni Unguja miaka miwili kuitafuta, na mtoto mgongoni. Mradi wa kusaidia kaya maskini ulipofika kwetu, sheha, kiongozi wetu wa mtaa, hakuumiza kichwa: anayejua kujaza makaratasi ni Ghania, basi karani wa kamati ni Ghania. Tukaitwa semina mjini Chake, tukapewa kofia zilizoandikwa "Kinga na Mshikamano", na mtaalamu mgeni akatueleza, kwa mkalimani, kwamba watu wakiwachagua maskini wao wenyewe hawatagombana. Niliiandika sentensi hiyo daftarini. Nikaipigia mstari.

Watu walitajwa mkutanoni, kisha kijana wa mradi akapita kila nyumba na tableti, akahesabu vitu, na mwenye vitu akakatwa. Kaya kumi na tisa zilipata hela. Zaidi ya mia hazikupata. Kati ya ile ya kumi na tisa na ile ya ishirini kuna tofauti gani, hata mimi karani siwezi kuieleza.

Tangu majina yabandikwe ofisini kwa sheha, nilikuwa naona mambo madogo madogo. Mtu anapita haoni mtu. Watoto wa kaya kumi na tisa wanaitwa "watoto wa mradi" kule chuo cha Kurani. Suhaila alikwenda kuomba kaa la moto kwa jirani, akaambiwa akanunue kiberiti, hela si anapewa. Nilijua. Lakini nilijiambia hayatafika kwenye sufuria.

Sufuria hizi zina habari yake. Miaka ile ya ugomvi wa vyama, watu wa mtaa huu walikuwa hawazikani. Mama yangu alikufa wakati huo, akapikiwa na watu wanne. Mambo yalipotulia wanawake walikaa wakasema basi, yasirudi. Kila mmoja akatoa chombo: huyu sufuria, huyu sinia, huyu ndoo na upawa. Kila chombo kikatiwa herufi za mwenyewe kwa rangi ya kucha, chini, kwenye kitako. Na sharti likawa moja tu. Akifa mtu, vyombo vinatoka. Haiulizwi nani.

"Jawaher," nikasema, "mama yako ndiye aliyelitoa sharti hilo."

"Na mama yangu amekufa. Angekuwepo angeona wifi ya karani anapewa, na mwanawe mwenyewe anaachwa kwa sababu ana nyumba ya mawe." Akanyoosha kidole kuelekea kwao. "Nyumba ya mawe! Ya babu yangu, wakati wa mikarafuu yake. Mvua ikinyesha tunahama na ndoo kutoka chumba hiki kwenda hiki. Yule kijana wenu alisimama nje akatazama ukuta, akabonyeza tableti yake, akaondoka. Hata ndani hakuingia."

"Sikubonyeza mimi."

"Suhaila nani kambonyezea?"

"Suhaila alisimama mkutanoni, akasema mbele ya watu wote: mimi sina, mume wangu mgongo umekufa, watoto wanalala na chai. Alijisema mwenyewe. Wewe ulijisema?"

 Kujisema kwetu ni kuvua nguo. Suhaila hana haya hizo, na ndiyo maana alipata. Ni ukweli mchungu lakini ndio ukweli: mradi ulimlipa asiyeona haya.

"Haya," akasema Jawaher. "Mimi niache. Nina ukuta wa mawe, nitautafuna. Bi Tatu je?"

Ua wote ukageuka.

Bi Tatu alikuwa amekaa mwishoni, kwenye kizingiti cha jiko, miguu ameikunja. Ni mjane wa mwalimu wetu wa Kurani. Nusu ya wanawake waliosimama pale mumewe ndiye aliyewafundisha alifu. Anaishi na wajukuu watatu, na kila mtu anajua kwamba moshi kwake hautoki kila siku. Hakuna aliyemtaja mkutanoni. Tulimstahi. Mke wa mwalimu humtaji mbele za watu ukasema huyu ni maskini. Tukategemea tableti itamwona.

"Bi Tatu kaachwa," alisema Jawaher, na sasa hakuwa anacheka. "Wote hapa tukikosa, tutasema bahati. Lakini Bi Tatu kakosa kwa nini? Siku aliyohojiwa, karani ulikuwepo. Tulikuona unaingia na yule kijana."

"Nilikuwepo."

"Basi apa. Sema wallahi hukutia mkono wako kwenye habari ya Bi Tatu. Apa, na mimi nitaondoka hapa mlangoni, na sufuria kubwa nitaibeba mwenyewe."

"Apa, Bi Ghania," akasema mwingine. "Yaishe, tukapike."

Neno moja tu lilitakiwa. Suhaila apikiwe, Mzee Rajab azikwe kama watu wanavyozikwa, na mtaa ubaki mtaa.

Sikuweza kulisema.

Jioni ya kabla ya mahojiano Bi Tatu alikuja kwangu kwa mlango wa nyuma. "Mwanangu, kesho nina mgeni wa serikali, nami nitamkalisha wapi? Kwenye mkeka uliotoboka?" Baada ya sala ya alfajiri, kabla watu hawajatoka, mimi na mume wangu tulimpelekea viti vyetu vinne, meza ndogo, chupa ya chai na vikombe sita vya maua. Hivyo ndivyo tunavyofanya siku zote. Mgeni akija kwako, anakuja kwetu. Unachokosa kinatoka nyumba ya pili. Hakuna mtu wa hapa ambaye hajawahi kukalia kiti cha jirani akikiita chake.

Na maswali nilikuwa nimeyaona semina. Niliyasoma yote. Swali la viti lilikuwamo, la meza lilikuwamo, la chupa ya chai lilikuwamo. Wallahi haikunipitia akilini. Karatasi ilikuwa kitu kimoja, mgeni kitu kingine.

Yule kijana alikaa kwenye kiti changu, akanywa chai kwenye kikombe changu, kisha akatazama chumba kizima na kuanza kubonyeza. Viti, vinne. Meza, ipo. Nilifungua mdomo niseme, "Hivyo ni vyangu." Bi Tatu akanitazama. Hakuomba. Alinitazama tu, kama anavyotazama mtu aliyeingiliwa chooni. Nikafunga mdomo, nikamwongezea mgeni chai.

Baada ya magharibi tukavirudisha viti, na hakuna aliyejua ila sisi watatu.

Sasa wanawake thelathini walikuwa wananisubiri. Nikisema mkono wangu haumo, naapa uongo. Nikisema umo na nieleze, nimemvua mjane wa mwalimu uani kwangu, mchana kweupe, mbele ya wanafunzi wa mumewe.

Nikamtazama Bi Tatu. Nilitaka aseme yeye. Maneno matano yangetosha: vile viti niliazima kwa Ghania. Akainama, akaanza kutafuta kitu kwenye ukingo wa kanga yake.

"Anamtazama nini?" mtu akanong'ona.

"Haapi," alisema Jawaher. Sauti yake ilishuka, na nadhani mpaka dakika ile alikuwa anatumaini nitaapa. "Mnaona? Haapi."

"Siapi," nikasema.

Uani kukawa na kelele. Mmoja akasema laana, mwingine akasema kumbe, mwingine akasema alijua tangu siku ya kofia.  Nilikuwa nahesabu saa. Mashua ya Kisiwa Panza ilikuwa imeshaondoka. Hata ningebishana mpaka wakinai, wangekwenda kwa Suhaila wakiwa wamenuna, wapike chakula cha masimango, na kila atakayekufa mtaani baada ya hapo angejadiliwa kwanza mlangoni mwa banda hili. Sufuria zinazojadiliwa si za mtaa tena.

Nikafungua pindo la kanga.

"Sogea, Jawaher."

"Nimekwambia hazi—"

"Zinatoka. Kila mtu atachukua chake."

Alisogea kwa kushangaa. Nikafungua kofuli, nikaingia, nikatoa sufuria ya kwanza, nikaigeuza kitako juu mchangani.

"J.M.," nikasoma. "Yako. Ya mama yako. Ichukue."

"Ghania, hatukusema hivyo."

"Mlisema sufuria hazitoki kwa Suhaila. Na mimi nasema hazikai kwangu. Ichukue."

Nikatoa ya pili, ya tatu, masinia, ndoo, pawa zilizofungwa kamba. Nilisoma herufi moja moja kwa sauti, kama ninavyosoma majina kamatini. Mwanzoni hakuna aliyesogea. Kisha mmoja akaja akachukua sinia lake upesi, kama anaiba, na wa pili akamfuata. Baada ya hapo walipanga foleni. Rangi ilikuwa imebanduka kwenye vitako vya vingine, wakaanza kugombania vya nani. Sikuamua. Niliviacha chini.

Jawaher aliichukua sufuria ya mama yake akaipakata kifuani kwa mikono miwili. Masizi yakamwingia kwenye buibui. Hakunitukana tena. Aliondoka bila kuaga.

Bi Tatu alikuja mwisho. Alikuwa na masinia mawili, yale aliyotoa mumewe alipokuwa hai. Nilipompa aliinamisha kichwa karibu na changu.

"Ahsante mwanangu. Umenisitiri."

Sikutaka ahsante yake. "Nenda, Bi Tatu," nikasema. "Jua linapanda."

Ndani ya banda ilibaki sufuria moja, yenye G.H. Ni ya kilo ishirini, niliitoa mwaka nilipomaliza chuo. Nikafunga kanga kiunoni, nikachukua kisu na mwiko, nikaweka kata kichwani, nikajitwika. Banda nikaliacha wazi. Hamna cha kuibiwa.

Kwa Suhaila wanaume walikuwa wamekaa nje kwenye majamvi. Nyuma, mafiga ya sehemu tano yalikuwa tayari, kuni zimepasuliwa, na mchele umo kwenye magunia haujaguswa. Suhaila alinipokea sufuria, macho yamemvimba, akatazama njia niliyotokea.

"Wenzako wako nyuma, wifi?"

Nikaiweka sufuria kwenye mafiga ya kwanza, nikapiga magoti.

"Nipe kuni," nikamwambia, na nikawasha moto.