Mteja Hashuki Mikono Mitupu

Chumba kilichokuwa juu ya duka la Mama Nice kilikuwa na meza tatu, na kila meza ilikuwa na mwenyewe. Karibu na dirisha alikaa Ritha, binti wa Mbinga, aliyetengeneza kijiti cha kuchomeka shambani ili kipime unyevu wa udongo. Katikati alikaa Khalfani wa Magomeni, ambaye mtambo wake ulituma utabiri wa mvua kwa ujumbe wa simu. Mlangoni alikaa Beno, mtulivu kuliko wenzake, aliyeunda betri ndogo za kuchajiwa na jua. Walikuwa wamechora mistari ya chaki sakafuni ili nyaya za mmoja zisivuke kwa mwingine.

Mama Nice, mfanyabiashara wa pembejeo kutoka Rombo, aliwapa chumba hicho bure mwezi wa Septemba, kwa sharti alilolitamka akiwa amesimama kwenye ngazi.

"Ikifika Ijumaa ya mwisho wa Februari, niwe nimeona mkulima mmoja akishuka hapa na kitu chenu mkononi. Mmoja tu. Nisipomwona, chumba narudishia mbolea. Mbolea angalau inauzwa."

Sharti lilionekana jepesi. Wakulima wa mikoa yote hupita mtaa ule wa Kariakoo kutafuta mbegu na mabomba, na hiyo ndiyo sababu vijana walikipenda chumba. Kila mmoja alikwisha kujaribu kufanyia kazi chumbani kwake alikopanga, na hakuna mkulima aliyewahi kubisha hodi huko.

Ijumaa yenyewe ilifika, na mkulima hajaonekana. Saa nne asubuhi wapagazi walikuwa wakipanga mifuko ya mbolea chini ya ngazi, wakingoja amri ya kuipandisha.

Wakati huo ndipo Nassibu alipoleta mteja. Nassibu alikuwa winga: kazi yake ilikuwa kuwapokea wateja barabarani na kuwafikisha kwenye duka lenye wanachokitaka. Alimpandisha mama mmoja wa makamo, akamkabidhi kwa vijana, akashuka kutafuta mwingine.

"Shikamoo mama," walisema wote watatu, wakisimama.

"Marahaba wanangu. Naitwa Selina, natokea Kilosa. Ni mwenyekiti wa kikundi cha kina mama, tunalima mahindi na kunde." Aliketi, akashusha pumzi ya ngazi. "Mwaka jana mvua ilinyesha siku tatu, tukapanda. Likafuata jua la wiki tatu, mbegu zikaiva ardhini kama kande. Tukapanda upya, yakaja mafuriko. Siku hizi mvua ya kwanza ni tapeli. Nataka kitu kiniambie, kwa simu yangu hii, kwamba sasa udongo umeshiba, panda."

Akaweka mezani kiswaswadu chake cha vitufe, kimefungwa kwa raba ili betri isianguke.

Khalfani alikitazama kwa heshima. "Mama, mimi nahusika na mvua ya angani. Udongo si wangu."

"Udongo ni wangu," alisema Ritha, "ila kijiti changu kinasomwa kwa simu kubwa, ya kupangusa. Halafu kinahitaji umeme. Kijijini kwenu upo?"

"Upo kwa mtendaji."

"Basi hapo patakuwa na ugumu, mama. Pole."

Beno alisema kwamba yeye alikuwa na betri tu.

Walikuwa wamejibu kwa ukweli na kwa adabu, kama walivyofundishwa chuoni: usimwahidi mtu usichokuwa nacho. Selina aliwashukuru, akajifunga khanga yake vizuri, akashuka. Chini alimkuta Nassibu.

"Wamekupa nini, mama?"

"Wamenipa pole."

Nassibu alimketisha kwenye benchi la Mama Nice, akamwagizia chai, kisha akapanda ngazi mbilimbili.

"Nani kamwambia mteja hakuna?"

"Anachotaka hatuna," alisema Khalfani. "Ulitaka tumdanganye?"

"Kaka, miezi sita unaishi juu ya duka. Mtu akija kutaka bomba la mgongoni la kupulizia dawa, na Mama Nice hana, unamsikia akisema nini?"

Hakuna aliyehitaji kufikiri. Sauti ile ilikuwa ikipenya sakafuni kila siku.

"Ipo. Kaa kidogo," alisema Beno.

"Halafu?"

"Halafu mtu anakwenda kwa jirani, dukani kwa Ramadhan, analeta bomba, faida wanagawana."

"Sasa nyie wasomi mnasubiri nini? Kariakoo hakuna duka lenye kila kitu. Mtaa ndio wenye kila kitu. Na basi la yule mama ni saa kumi."

Akashuka. Ritha alikuwa ameinamisha macho kwenye mstari wa chaki.

"Khalfani, kijiti changu kikikutumia namba, mtambo wako unaweza kuzigeuza ujumbe?"

"Unaweza, ukinionyesha ipi kavu na ipi imeshiba. Mbona hukuwahi kuniuliza?"

"Na wewe mbona hukuwahi kuuliza?"

Beno hakungoja jibu. Alikuwa tayari amebeba betri yake kuipeleka dirishani, akifuta chaki kwa ndala kila alipokanyaga.

Iliwachukua saa tatu. Mara ya kwanza ujumbe ulikwenda kwa shangazi yake Khalfani, aliyepiga simu kuuliza apande nini, naye anaishi ghorofani. Mara ya pili haukwenda popote. Saa saba na robo wakamwita Selina, ambaye alikuwa kwenye kikombe cha tatu, akimfundisha Mama Nice namna ya kutambua mbegu za kunde zilizokaa ghalani misimu miwili.

Walimwekea ndoo ya udongo mkavu, kijiti kikiwa kimezama humo. Ritha akampa kikombe cha maji.

"Unyeshee wewe mwenyewe, mama."

Selina alimwaga. Baada ya muda kiswaswadu kikalia, naye akasoma polepole, akiisogeza simu mbali na macho: "Bado. Udongo umeloa juu tu. Usipande."

Alianza kucheka kabla hajamaliza. "Hiyo ndiyo mvua iliyonila mwaka jana. Hiyohiyo."

Akachukua jagi zima, akamimina taratibu mpaka maji yakakoma kuzama haraka. Walingoja. Simu ikalia.

"Udongo umeshiba. Panda."

Selina aliweka simu mezani. Alichomoa kijiti, akakifuta, akakipima uzito mkononi kama mtu anayenunua jembe.

"Andikeni hivihivi. Msiniletee milimita. Na kikinidanganya nitarudi nacho, nitakaa kwenye meza hii mpaka masika iishe, na mtanilisha."

Waliposhuka naye, mpagazi wa kwanza alikuwa amefika ngazi ya nne na mfuko kichwani. Mama Nice alisimama nyuma yake. Aliona kijiti kimechomoza kwenye khanga ya Selina, na betri mkononi.

"Rudisha," alimwambia mpagazi.

"Nirudishe wapi, mama?"

"Ulikoutoa. Mpishe mkulima apite." Kisha akawageukia vijana. "Mmechelewa kama mvua. Lakini mmenyesha."

Mwezi wa Machi meza tatu zilikuwa zimeunganishwa kuwa moja ndefu, na chaki ilikwisha futika. Asubuhi moja Nassibu alimpandisha mzee wa Mkuranga, ambaye maembe yake yalikuwa yakiozea mtini. Alitaka kitu cha kuyakaushia. Ritha alimtazama Khalfani, Khalfani akamtazama Beno. Hakuna aliyewahi kukausha embe hata moja.

"Ipo, baba," alisema Khalfani, akimvutia kiti. "Kaa kidogo."

Akashuka akikimbia. Alikuwa amesikia kwamba nyuma ya soko la Mchikichini kuna dada anayeitwa Leticia, mwenye kabati la kukaushia mihogo kwa jua.

Mama Nice alimwona akipita mbele ya duka. "Huyu naye anakimbilia wapi?"

"Kwa jirani," alisema Nassibu.

Mama Nice alitikisa kichwa, akaagiza meza ya nne ipandishwe juu.